Kukokotoa kani ya mvutano kutoka kwenye chembe: mwongozo kamili, kuanzia faili ghafi hadi kasi ya mzunguko wa galaksi

Ukifungua faili la uigaji wa galaksi unakuta orodha ndefu: kila chembe na mahali pake, kasi yake na tungamo lake. Kani ya mvutano mara nyingi haimo. Programu iliyoendesha uigaji iliikokotoa mamilioni ya mara, ikaitumia kusogeza chembe, kisha ikaitupa. Ukitaka kujua gesi inavutwa kiasi gani katika pembe fulani ya galaksi, au nyota ingezunguka kwa kasi gani umbali wa kiloparseki 10 (kiloparseki moja ni kama miaka ya mwanga 3,260) kutoka kitovuni, itabidi uikokotoe upya mwenyewe.

Hesabu yenyewe ni ile ya Newton: jumlisha mchango wa kila chembe, ukigawanya kwa kipeo cha pili cha umbali. Mtu anaweza kuiandika kwa mistari kumi. Hata hivyo, katika kazi hii nimeona majibu mabaya mengi kuliko mazuri, na mara chache sana kosa lilikuwa kwenye mbinu ya kujumlisha. Lilikuwa kwenye vizio, kwenye kitovu, kwenye chembe zilizosahauliwa, au kwenye urefu wa kulainisha (umbali ambao chini yake kani ya chembe moja hupunguzwa makali) uliochaguliwa bila kufikiri. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa muda mrefu huko, na kwenye majaribio, kabla ya kufika kwenye miti na gridi, mbinu za kuharakisha hesabu ambazo watu hupenda kuanza nazo.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Chembe ndani ya faili si nyota. Chembe moja ya mata giza (mata isiyoonekana, inayojulikana kwa mvuto wake tu) inaweza kubeba tungamo la maelfu au mamilioni ya Jua, na ipo pale kama sampuli ya mata iliyotandazwa laini. Hivyo kuna maswali mawili yanayofanana kwa nje: je, unataka kani ambayo chembe zilihisi ndani ya uigaji, au kani ya galaksi laini ambayo chembe hizo zinaiwakilisha? Jibu la swali hili litaamua mambo kadhaa huko mbele.

Vizio kwanza

G, namba thabiti ya mvutano katika sheria ya Newton, ni 6.674 × 10⁻¹¹ kwa mita, kilogramu na sekunde. Hakuna anayefanya kazi ya galaksi kwa vizio hivyo, kwa sababu namba zinakuwa kubwa na ndogo kupita kiasi. Tumia kiloparseki kwa umbali, kilomita kwa sekunde kwa kasi, na tungamo la Jua kwa tungamo. Hapo G inakuwa 4.30091 × 10⁻⁶. Ikiwa faili lako linahesabu tungamo kwa makumi ya bilioni ya Jua, kama yafanyavyo mafaili ya familia ya GADGET, programu ya uigaji inayotumika sana, G ni takriban 43009. Ukikutana na 43007.1 kwenye matokeo ya GADGET ya zamani usishtuke: ni G ileile, iliyokokotolewa kwa thamani za zamani kidogo za namba thabiti za kifizikia.

Mchapuko utakaotoka, yaani kani kwa kila kizio cha tungamo, utakuwa katika kizio cha kilomita kwa sekunde, kipeo cha pili, kwa kila kiloparseki. Kizio kimoja cha namna hiyo ni sawa na 3.24 × 10⁻¹⁴ m/s². Namba hiyo ifahamu vizuri, maana inakupa kipimo cha haraka cha akili: Jua huzunguka kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, kwa takriban 230 km/s, umbali wa takriban kiloparseki 8.2. Kasi hiyo kwa kipeo cha pili, ikigawanywa kwa umbali, inatoa kama 6450, yaani takriban 2.1 × 10⁻¹⁰ m/s². Chombo cha anga cha Gaia, katika data iliyotolewa Desemba 2020, kilipima mchapuko wa mfumo wa Jua moja kwa moja na kupata takriban 2.32 × 10⁻¹⁰. Galaksi yako ya kuigwa ikiwa na ukubwa wa Njia Nyeupe na jibu lako likawa mara elfu zaidi ya hapo, usitafute maelezo ya kifizikia. Tafuta kizio.

Uigaji wa kikosmolojia, yaani wa sehemu kubwa ya ulimwengu unaopanuka, una mitego miwili zaidi. Mafaili yake mara nyingi huandika umbali na tungamo vikiwa vimegawanywa kwa h, ile namba ya Hubble isiyo na kizio, na umbali ukiwa umeondolewa upanuzi wa ulimwengu. Ukikokotoa kasi ya mzunguko, h ya juu na h ya chini hufutana, na ndiyo maana kosa hili hujificha vizuri. Kwenye mchapuko hazifutani: ukiwa umetumia namba ghafi za faili, jibu lazima lizidishwe kwa h na kugawanywa kwa kipeo cha pili cha kigezo cha upanuzi, a. Njia salama ni kubadilisha kila kitu kuwa vizio vya kweli mara tu unaposoma faili, kabla ya mstari wowote mwingine, na kutorudi nyuma tena.

Badilisha pia aina ya namba. Mafaili mengi huhifadhi mahali pa chembe kwa desimali za biti 32, zenye tarakimu kama saba za maana. Ndani ya sanduku la megaparseki 100, hatua ndogo kabisa kati ya namba mbili za aina hiyo, karibu na ukingo wa mbali, ni kama parseki 8. Kubadilisha kwenda biti 64 hakurudishi kilichokwisha kupotea, lakini kunazuia hasara mpya unapotoa namba kubwa mbili zinazokaribiana, na hesabu ya kani karibu yote ni utoaji wa namna hiyo.

Kitovu, na nini kiingizwe

Kitovu cha tungamo la chembe zote si kitovu cha galaksi. Galaksi ndogo iliyo pembeni itakivuta kando, na kiloparseki moja tu ya kosa inatosha kuharibu kila kitu ndani ya kiloparseki tano. Niliwahi kutumia karibu wiki nzima nikishuku programu ya mti kwa sababu kasi ya mzunguko ilishuka ghafla karibu na kitovu. Programu ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimesimama mahali pasipo kitovu.

Mbinu inayofaa ni ya tufe linalosinyaa. Anza na tufe linalobeba chembe zote, tafuta kitovu cha tungamo, sogeza tufe hapo, punguza nusu-kipenyo kwa asilimia 2.5, rudia hadi zibaki chembe kama elfu moja. Ni polepole kidogo kimaandishi lakini kwa kompyuta ni sekunde chache. Ikiwa sanduku lina kingo zinazojirudia, kabla ya hapo ondoa mrudio: kwa kila mhimili, pima x kutoka chembe yoyote ya galaksi yako, kisha toa L (upana wa sanduku) mara namba kamili iliyo karibu zaidi na x/L. Usipofanya hivyo, galaksi iliyokatwa na ukingo itaonekana kama vipande viwili vilivyo mbali, na kitovu kitaangukia katikati palipo patupu.

Kisha jiulize ni tungamo gani limo. Gesi, nyota, mata giza, mashimo meusi: vyote vinavuta. Ni rahisi sana kusoma aina moja ya chembe na kusahau nyingine. Ukikata kipande cha sanduku, kumbuka kwamba gamba la duara lililo nje halivuti kitu kilicho ndani yake, lakini sheria hiyo ni ya gamba la duara kamili tu. Pete ya sahani ya galaksi (sehemu yake bapa ya nyota na gesi) iliyo nje huvuta, na galaksi jirani huvuta. Mimi hukata kwa tufe, kamwe si kwa mchemraba, na hulipanua hadi jibu la eneo ninalolitaka lisibadilike tena.

Jumla ya moja kwa moja

Sasa msimbo. Huu ni wa Python na numpy, maktaba yake ya hesabu za safu:

```python
import numpy as np

G = 4.30091e-6   # kpc, km/s, tungamo la Jua

def mchapuko(malengo, x, m, eps, kipande=32):
    a = np.empty(malengo.shape)
    for i in range(0, len(malengo), kipande):
        d = x[None, :, :] - malengo[i:i+kipande, None, :]
        r2 = (d**2).sum(axis=2) + eps**2
        w = G * m / (r2 * np.sqrt(r2))
        a[i:i+kipande] = np.einsum('ij,ijk->ik', w, d)
    return a
```

Malengo ni sehemu unazotaka kujua kani; x na m ni mahali na tungamo la chembe zinazovuta, na eps ni urefu wa kulainisha. Malengo na chembe zinazovuta ni vitu tofauti, na kutovitofautisha ndilo kosa la fikra linalowapeleka watu kwenye mbinu tata wasizozihitaji. Gharama ya jumla ya moja kwa moja ni idadi ya malengo mara idadi ya chembe. Ukitaka kani kwenye kila chembe ya milioni moja, ni hesabu trilioni moja, na hapo kweli unahitaji mti. Lakini kasi ya mzunguko inahitaji malengo mia chache tu. Malengo 200 dhidi ya chembe milioni 10 ni hesabu bilioni 2, ambazo kompyuta ya mezani inazimaliza bila shida, bila ukadirio wowote. Kabla ya kusakinisha chochote, hesabu malengo yako.

Kipande kipo kwa ajili ya kumbukumbu ya kompyuta. Bila kipande, chembe 10,000 dhidi ya zenyewe zingetengeneza safu ya vekta milioni 100, gigabaiti 2.4, na numpy ingehitaji nakala nyingine ya ukubwa huohuo kwa ajili ya vipeo vya pili. Ikiwa una mamilioni ya chembe, punguza kipande hadi 1 au 2, au andika kitanzi chenyewe kwa numba, ambayo hugeuza Python kuwa msimbo wa mashine na haihitaji safu hizo za kati.

Chembe ikiwa lengo na mvutaji kwa wakati mmoja, d yake ni sifuri, hivyo haijivuti. Hilo ni sawa mradi eps si sifuri. Eps ikiwa sifuri utapata sifuri kwa sifuri na safu nzima ya majibu yasiyo namba. Eps inaweza pia kuwa safu yenye thamani moja kwa kila chembe, jambo la lazima kwenye uigaji ambamo mata giza na nyota zina urefu tofauti wa kulainisha.

Kuna historia ninayoipenda hapa. Mwaka 1941 Erik Holmberg, akiwa Sweden, alitaka kujua kinachotokea galaksi mbili zinapopitana. Hakuwa na kompyuta. Alichukua taa 74, 37 kwa kila galaksi, na kwa kuwa mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali kama ufanyavyo mvutano, alipima mwanga mahali pa kila taa kutoka pande mbalimbali, akaugeuza kuwa kani, akasogeza taa, akapima tena. Msimbo ulio hapo juu unafanya kazi ileile: kila lengo hupokea kutoka kwa kila mvutaji, bila njia ya mkato.

Urefu wa kulainisha

Bila eps, lengo likiangukia karibu sana na chembe moja, kani ya chembe hiyo hupaa bila kikomo na kuufunika mvuto wa galaksi nzima. Kwa sababu chembe ni sampuli tu, mpao huo hauna maana ya kifizikia. Eps huuzuia: kwa umbo la Plummer lililotumika kwenye msimbo, kani kubwa kabisa ya chembe moja ni 0.385 Gm/eps², nayo hutokea kwenye umbali wa eps gawanya kwa kipeuo cha pili cha 2.

Lakini umbo la Plummer lina gharama ambayo wengi hawaijui: ulainishaji wake hauishi. Kwenye umbali wa mara 10 ya eps, kani bado iko chini ya ile ya Newton kwa asilimia 1.5. Kwenye mara 2.8 ya eps, iko chini kwa asilimia 16. GADGET na programu nyingi za sasa hutumia umbo la vipande vya polinomia ambalo hurudi kuwa Newton kamili baada ya mara 2.8 ya eps, ambapo eps imefafanuliwa ili kina cha potenshali (nishati ya mvutano kwa kila kizio cha tungamo) kitovuni kiwe kilekile cha Plummer. Kwa hiyo ukisoma eps ya kiloparseki 0.5 kwenye maelezo ya uigaji kisha ukaiweka kwenye msimbo wangu hapo juu, hutapata kani ileile karibu na chembe.

Hapa lile swali la mwanzo linarudi. Ukitaka kani ambayo chembe zilihisi, tumia umbo na urefu uleule wa uigaji. Ukitaka kani ya galaksi laini, una hiari: eps ndogo inaleta kelele ya chembe mojamoja, eps kubwa inafuta muundo halisi, hasa unene wa sahani na kilele cha kitovu. Kwa halo, yaani wingu la mata giza linaloizunguka galaksi, pendekezo lililotolewa mwaka 2003 na Power na wenzake bado ni mahali pazuri pa kuanzia: mara 4 ya nusu-kipenyo cha halo, gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya chembe zake. Halo ya kiloparseki 200 yenye chembe milioni moja inapata eps ya kiloparseki 0.8. Kisha badilisha eps kwa nusu na kwa mara mbili uone jibu linavyoenda. Sehemu ya mchoro inayobadilika sana usiitegemee kwa hoja yoyote.

Jaribu kabla ya kuamini

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ningeiweka mbele ya zote kama ingewezekana. Tengeneza mgawanyo ambao jibu lake linajulikana kwa kalamu na karatasi. Tufe la Plummer linafaa sana:

```python
def plummer(N, M, b, mbegu=1):
    rng = np.random.default_rng(mbegu)
    r = b / np.sqrt(rng.uniform(size=N)**(-2/3) - 1)
    mu = rng.uniform(-1, 1, N)
    fi = rng.uniform(0, 2*np.pi, N)
    s = np.sqrt(1 - mu**2)
    x = np.column_stack((r*s*np.cos(fi), r*s*np.sin(fi), r*mu))
    return x, np.full(N, M/N)
```

Mchapuko wake wa kweli ni GMr gawanya kwa (r² + b²) kwa kipeo cha 1.5. Chukua M ya Jua bilioni 100 na b ya kiloparseki 5. Kwenye kiloparseki 10 jibu ni 3077, yaani kasi ya mzunguko ya 175.4 km/s. Endesha msimbo kwa chembe laki moja na eps ya 0.1, ukiweka malengo mia kadhaa yaliyotawanyika sawasawa juu ya tufe la kiloparseki 10, kisha chukua wastani wa sehemu ya mchapuko inayoelekea ndani. Kelele ya sampuli hapo ni kama asilimia 0.2. Tofauti ya asilimia 5 ni kosa, usiiite kelele.

Kuna jaribio kali zaidi linalotenganisha kosa la msimbo na kelele ya sampuli. Kwa sheria ya Gauss, wastani huo wa kuelekea ndani, bila kulainisha, lazima uwe sawa na G mara tungamo la chembe zilizo ndani ya tufe lile, gawanya kwa r². Hesabu chembe zilizo ndani, moja kwa moja, kutoka kwenye safu. Hapa hulinganishi tena na galaksi ya kinadharia, unalinganisha na chembe zilezile ulizonazo. Ukiongeza malengo juu ya tufe, namba mbili hizo lazima zikaribiane. Zisipokaribiana, kuna kosa kwenye msimbo, hakuna maelezo mengine.

Jaribio la tatu ni la haraka: kokotoa kani kwa chembe zote dhidi ya zenyewe na ujumlishe m mara a, yaani tungamo mara mchapuko. Kwa jumla ya moja kwa moja yenye eps moja kwa wote, jibu ni sifuri hadi kwenye tarakimu za mwisho za kompyuta, kwa kuwa kila jozi huvutana sawasawa. Ukiwa na eps tofauti kwa kila chembe, msimbo ulio hapo juu hauhakikishi usawa huo, na ni vema kujua hilo mapema kuliko kulishangaa baadaye.

Mti, pale unapouhitaji kweli

Mwaka 1986 Josh Barnes na Piet Hut walichapisha wazo ambalo bado linabeba sehemu kubwa ya kazi hii. Gawanya sanduku katika vyumba vinane, kila chumba chenye chembe zaidi ya moja kigawe tena vinane, hadi mwisho. Kwa kila chumba hifadhi tungamo lake na kitovu chake cha tungamo. Ukitaka kani kwenye lengo fulani, anza na chumba kikubwa: ikiwa upana wake s, gawanya kwa umbali wake d, ni chini ya kigezo theta, kichukulie kama chembe moja. Kama sivyo, kifungue uangalie vinane vilivyomo. Makundi ya mbali yanahesabiwa kwa mkupuo, ya karibu yanahesabiwa moja moja, na gharama inashuka kutoka N mara N hadi N mara logi ya N.

Andika mti wako mwenyewe mara moja, kwa chembe elfu moja, ili uuelewe. Kwa kazi halisi tumia uliokwisha kujaribiwa. Pytreegrav hupokea safu za numpy moja kwa moja na kurudisha mchapuko au potenshali. Pynbody husoma mafaili ya aina nyingi za uigaji na kushughulikia vizio, na ina hesabu za mvutano ndani yake.

Theta ya 0.7 ni ya haraka, 0.5 ni ya kazi nyingi, 0.3 ni ya mtu anayehitaji uhakika. Kuna sababu mahususi ya kukaa chini ya 0.577, yaani 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 3. Juu ya hapo, inawezekana lengo liwe ndani ya chumba chenyewe, katika kona iliyo mbali na kitovu cha tungamo cha chumba hicho, na kigezo kikakubali kukichukulia kama chembe moja. Kosa la namna hiyo si la asilimia ndogo. Chembe chache hupata kani mbovu kabisa huku wastani ukionekana mzuri. Salmon na Warren walilionyesha hilo mwaka 1994.

Ndiyo maana usipime mti kwa wastani wa kosa. Chagua chembe elfu moja kwa nasibu, zikokotolee kwa jumla ya moja kwa moja yenye umbo lilelile la kulainisha, na utazame kosa ambalo asilimia 99 ya chembe haziuzidi, kisha lile kubwa kuliko yote. Chora makosa hayo dhidi ya umbali kutoka kitovuni. Ukiona rundo la makosa makubwa sehemu moja, umepata cha kuchunguza.

Mti una udhaifu mwingine kwenye ulimwengu mchanga, pale mata inapokaribia kuwa sawasawa kila mahali. Kani kutoka pande zote ni kubwa na karibu zinafutana, hivyo kosa dogo kwa kila chumba linakuwa kubwa ukililinganisha na kinachobaki. Hapo ndipo programu kubwa huunganisha mti na gridi.

Gridi na mifumo ya kukunjua

Mbinu ya gridi hugawa tungamo la kila chembe kwenye visanduku vinavyoizunguka, hutumia mgeuzo wa Fourier wa haraka kupata potenshali kwa kuzidisha msongamano na -4πG/k² (k ni namba ya wimbi), kisha hutafuta mteremko wa potenshali. Kwa sanduku linalojirudia haina mpinzani. Kwa galaksi iliyo peke yake lazima uongeze nafasi tupu hadi upana wa kila mhimili uwe mara mbili, vinginevyo galaksi itavutwa na nakala zake zenyewe, na kumbukumbu inayohitajika inapanda mara nane. Gridi ya visanduku 1024 kwa kila mhimili ni gigabaiti 8.6 kwa safu moja tu ya biti 64. Na haioni chochote kilicho kidogo kuliko visanduku viwili hivi.

Ukitaka kufuatilia mizingo ya nyota kwa mabilioni ya miaka ndani ya galaksi iliyosimamishwa, hakuna kati ya hizi inayofaa sana, kwa kuwa kelele ya chembe itasukuma nyota zako. Hapo kunjua mgawanyo katika mfululizo wa funksheni laini. AGAMA hufanya hivyo kutoka kwenye chembe moja kwa moja, ikiwa na mfumo mmoja kwa halo na mwingine kwa sahani. Tumia yote miwili, kila mmoja kwa sehemu yake: kuilazimisha sahani nyembamba ndani ya mfululizo wa tufe kunahitaji funksheni nyingi mno.

Kasi ya mzunguko

Watu wengi hutumia njia fupi: hesabu tungamo lililo ndani ya r, zidisha kwa G, gawanya kwa r, chukua kipeuo. Kwa halo ya duara inafaa. Kwa sahani haifai: sahani ya kieksponenti ina kilele cha kasi kilicho juu kwa takriban asilimia 15 kuliko tufe lenye tungamo lilelile ndani ya kila r. Ukilinganisha galaksi ya uigaji na kipimo cha darubini, asilimia 15 ndiyo hoja nzima.

Geuza kwanza galaksi ili mhimili wa z ulingane na angula momenta ya nyota au gesi baridi za eneo la ndani, si ya mata giza. Kisha:

```python
def kasi_ya_mzunguko(R, x, m, eps, n=32):
    fi = np.arange(n) * 2*np.pi / n
    e = np.column_stack((np.cos(fi), np.sin(fi), 0*fi))
    v = []
    for Ri in R:
        aR = (mchapuko(Ri*e, x, m, eps) * e).sum(axis=1)
        v.append(np.sqrt(-Ri * aR.mean()))
    return np.array(v)
```

Malengo 32 kuzunguka kila pete yanapunguza kelele na kufuta athari za mikono ya galaksi iliyojipinda. Chora pia mtawanyiko wa thamani hizo 32, si wastani pekee: galaksi yenye fito (mkusanyiko mrefu wa nyota ulionyooka) katikati itaonyesha mtawanyiko mkubwa ndani ya fito, na hiyo ni habari ya kweli kuhusu galaksi. Wastani ukitoka chanya, kipeuo kitatoa jibu lisilo namba. Kiache kionekane. Kuweka thamani kamili hapo ili mchoro usikatike ni kuficha kwamba mvuto unaelekea nje, na sababu yake karibu kila mara ni kitovu kilichokosewa.

Mwishowe, ndani ya faili la matokeo, andika pamoja na namba: thamani ya G, vizio, mahali pa kitovu na jinsi kilivyopatikana, aina za chembe zilizoingizwa, nusu-kipenyo cha mkato, umbo na urefu wa kulainisha, theta kama ulitumia mti, na asilimia 99 ya kosa uliyoipima. Ni mistari minane hivi juu ya faili. Mtu akichukua chembe zilezile mwaka ujao na kupata kasi tofauti kwa km/s 12, mistari hiyo ndiyo itakayomwonyesha mahali mlipoachana.